Usiirekebishe Picha Hiyo!

Simu yako ina picha mia ngapi za mwanao? Kabla hujafuta au kurembesha hata moja, soma kwanza haya.

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za mitoko, harusi na zawadi. Kuna jambo nimekaa nalo moyoni tangu mwaka 2022. Linanihusu mimi mwenyewe na kazi yangu hii ya uhariri, na kusema kweli sijivunii hata kidogo.

Mwaka huo tulikuwa tunaandaa kurasa za wanandoa na watoto wao. Si unazijua, zile za familia imependeza, sebule inang'aa, kila mtu anacheka. Nikamshawishi rafiki yangu wa tangu chuo na mumewe wakubali kupigwa picha nyumbani kwao hapa Dar es Salaam. Ilikuwa jioni, jua limeshazama, taa za sebuleni tumezipunguza ili pawe na ule mwanga wa kimahaba. Mpiga picha akawasha flashi, akapiga kama arobaini hivi. Zilitoka bab' kubwa. Mama kavaa kitenge chake kipya, baba kampakata binti yao wa miezi 14, mtoto anacheka mpaka meno manne yote yanaonekana.

Shida ikawa moja tu. Katika picha tuliyoichagua, jicho moja la mtoto lilikuwa na nukta nyekundu katikati, ile ya kawaida ambayo flashi huwa inaleta. Jicho la pili, la kushoto, lilikuwa na nukta nyeupe. Nyeupe kabisa, kama kipande cha lulu.

"Hebu rekebisha hayo macho," nikamwambia dizaina wetu.

Ilimchukua dakika mbili. Akachovya rangi nyeusi, akajaza mboni zote mbili, akaweka na kijimng'ao kidogo ili mtoto aonekane mchangamfu. Toleo likatoka, watu wakasifia. Rafiki yangu akanunua nakala tano za kuwagawia ndugu, moja akaibandika ukutani.

Miezi saba baadaye akanipigia simu saa tano usiku.

"Shoga, umekaa?"

"Nimelala. Kuna nini?"

"Kaa kwanza. Wamesema mtoto ana saratani. Saratani ya jicho."

Nilimuuliza jicho lipi, lakini kabla hajajibu nilishajua. Ile nukta nyeupe ilinijia palepale gizani kama vile naitazama kwenye kompyuta.

Ugonjwa wenyewe

Unaitwa retinoblastoma. Ni saratani inayoanzia kwenye retina, yaani ule utando mwembamba ulio nyuma ndani ya jicho ambao kazi yake ni kupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Ni saratani ya watoto wadogo hasa, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Kuna wanaozaliwa nayo tayari. Mimi hapa na digrii yangu ya mawasiliano sikuwahi kulisikia hilo jina. Nilidhani saratani ya jicho ni ya wazee, na ya watoto ni ile ya damu tu.

Sio ugonjwa wa kila siku, tusitishane. Inakadiriwa kuwa hupata mtoto mmoja kati ya kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa hai, na duniani kote ni kama watoto 8,000 kwa mwaka. Ukifikiria kidogo utaona kitu: palipo na watoto wengi wanaozaliwa, ndipo wagonjwa nao ni wengi. Sisi Afrika na wenzetu wa Asia ndio tunaobeba sehemu kubwa ya hao.

Sasa hebu nieleze ile nukta, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Mboni, ule mduara mweusi katikati ya jicho, kwa kweli ni tundu. Flashi ikipiga, mwanga unapenya kwenye hilo tundu, unafika nyuma kwenye ukuta wenye mishipa mingi ya damu, unarudi ukiwa na rangi nyekundu au ya machungwa. Ndiyo maana picha za usiku zinatufanya tuonekane kama mashetani. Wekundu ule ni dalili kuwa njia ya mwanga iko wazi. Lakini kama nyuma kuna uvimbe, mwanga unagonga uvimbe, na uvimbe wa retinoblastoma ni mweupe. Unachokiona kwenye picha ni saratani yenyewe inakutazama.

Wazazi wengine hawaioni kwenye picha, wanaiona ndani ya nyumba mwanga ukiwa hafifu, mtoto akigeuza shingo kwa pembe fulani. Jicho linawaka kama la paka. Sekunde moja, halafu limepotea, na wewe unabaki unajiuliza kama umeona sawasawa au ni macho yako.

Kwa rafiki yangu ndivyo ilivyokuwa. Umeme ulikatika, mumewe akawasha tochi ya simu kumtafutia mtoto chupa yake, mwanga ukampata usoni. Akaita, "Mama, njoo uone!" Mama alipofika mtoto kashageuka, hakuna kitu. Wakacheka, wakalala.

Miezi saba ilikwenda wapi?

Nimewahi kukaa na rafiki yangu tukaihesabu miezi hiyo mmoja mmoja. Mwezi wa pili baada ya picha, jicho la kushoto lilianza kukimbilia puani. Makengeza. Shangazi mtu akasema ni kitu kizuri, makengeza ya kike ni urembo, na mtoto akikua yanaisha. Mwezi wa tatu wakaenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, mama akagusia na habari ya jicho. Wakapewa matone, wakaambiwa ni aleji ya vumbi. Matone yakaisha, wakanunua mengine. Mwezi wa tano bibi mzaa baba akaja kutoka mkoani, akamtazama mjukuu, akasema amepigwa kijicho, tena kwa sababu ya zile picha za gazetini. Mtoto akafungwa uzi mweusi mkononi.

Naomba usiwacheke. Mtoto alikuwa anakula, anakimbia, anaongeza kilo kwenye kadi ya kliniki kama kawaida. Haumwi. Halii. Ugonjwa huu mwanzoni mara nyingi hauna maumivu yoyote, na mtoto mdogo hawezi kukwambia "Mama, jicho hili halioni," kwa sababu hajui kuoni maana yake nini. Jicho zima linafanya kazi ya mawili na maisha yanaendelea.

Aliyeshtuka ni dada wa kazi. Walikuwa wanacheza na mtoto mchezo wa kujificha, dada akamziba jicho la kulia kwa kiganja. Mtoto akapiga kelele, akausukuma mkono. Alipomziba la kushoto, mtoto akaendelea kucheka tu. Dada akarudia mara tatu. Jioni mama aliporudi kazini akamwambia, "Dada, huyu mtoto jicho hili halioni." Kesho yake walikuwa kwa daktari bingwa wa macho.

Huyo binti wa kazi elimu yake ni ya darasa la saba. Mimi nilikuwa na picha nzuri ya kitaalamu, imekuzwa kwenye skrini ya inchi 27, na nikaagiza ifutwe.

Mwanakemia na picha za mwanawe

Baada ya simu ile nilianza kusoma kila nilichokipata, labda kwa ajili ya kutafuta mtu wa kuniambia sina kosa. Nikakutana na habari ya Bryan Shaw, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, Marekani. Mwaka 2008 mwanawe mchanga aligundulika ana retinoblastoma katika macho yote mawili. Jicho moja likabidi liondolewe, la pili likaokolewa. Baadaye baba akaketi na maelfu ya picha za familia, akazipitia moja moja. Doa jeupe la kwanza alilikuta kwenye picha iliyopigwa mtoto akiwa na siku 12. Siku kumi na mbili!

Badala ya kubaki analia, bwana huyo na wenzake wakatengeneza programu ya simu ambayo inapekua picha ulizonazo na kutafuta macho yenye mboni nyeupe. Mwaka 2019 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Science Advances. Walikuwa wamekusanya picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, nusu yao wakiwa na magonjwa ya macho. Kati ya wale 20 wagonjwa, kwa 16 programu iliona weupe kwenye picha zilizopigwa kabla daktari hajagundua ugonjwa, na kwa wastani ilitangulia kwa mwaka mmoja na zaidi.

Kwa hiyo sikuwa peke yangu. Faraja ya namna hiyo, hata hivyo, haina ladha.

Na simu zetu za siku hizi nazo zimekuwa na adabu kupita kiasi. Nyingi zina kile kifaa cha kuondoa macho mekundu, nyingine zinarembesha sura zenyewe bila kuulizwa. Ngozi laini, meno meupe, macho meusi mazuri. Zinafanya kwa watu wote kile ambacho dizaina wangu alifanya kwa dakika mbili.

Pale kwenye saini

Hili ni jarida la mahusiano, kwa hiyo siwezi kuruka sehemu hii. Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika na hiyo, usitufichie."

Daktari aliwaeleza kwamba uvimbe umejaza sehemu kubwa ya jicho la kushoto na jicho limeshapoteza uwezo wa kuona. Jicho la kulia lilikuwa safi. Alilitazama mtoto akiwa amepewa nusu kaputi, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto wa mwaka mmoja na nusu atulie utazame kila kona ya retina. Akafafanua pia kwamba kwa ugonjwa huu hawachomi sindano ndani ya jicho kuchukua kinyama cha kupima, kama inavyofanyika kwenye saratani nyingine, kwani kutoboa jicho kunaweza kuutawanya ugonjwa. Wanatambua kwa kuangalia na kwa vipimo vya picha. Halafu akasema jicho lile inabidi litolewe.

"Shemeji, ungekuwa wewe ungesaini?" Mume wa rafiki yangu aliniuliza hivyo siku niliyokwenda kuwaona. Sikuwa na jibu.

Yeye hakusaini. Alisema hawezi kutia saini mtoto wake wa kike akang'olewe jicho. Atasoma vipi, wenzake watamwita nani, nani atamwoa? Mama mtu alikuwa anasema wasaini leo leo. Ukoo ukaingia. Upande wa baba wakamkumbusha kuwa kuna mzee mkoani anatibu macho kwa dawa za mizizi. Upande wa mama wakaanza kuuliza ugonjwa umetokea kwa nani, kwetu hakuna. Ndani ya wiki mbili watu wawili waliopigiwa mfano wa ndoa katika kurasa zangu walikuwa wanalala vyumba tofauti.

Zikapita wiki tano. Wiki tano, na huku uvimbe unakua. Njia ya ugonjwa huu inajulikana: unapita kwenye mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea ubongoni, au unaingia kwenye damu ukafika kwenye mifupa. Ukishatoka nje ya jicho, kumwokoa mtoto inakuwa kazi nyingine kabisa. Usipotibiwa, karibu kila mara unaua.

Kilichombadilisha baba si daktari wala mimi. Ni nesi mmoja, mama wa makamo, aliyemwomba tu aje akae kwenye benchi la korido asubuhi ya kliniki. Palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama sita anakimbiza kigari cha plastiki. Nesi akamuuliza, "Baba, yule ana jicho moja la bandia. Nionyeshe ni lipi." Akatazama. Akatazama tena. Akachagua, akakosea. Mama wa yule mtoto akacheka, akasogea, wakaongea karibu saa nzima, mzazi kwa mzazi.

Akasaini mchana ule. Rafiki yangu anasema aliporudi nyumbani alikaa kwenye gari uani mpaka saa mbili usiku ndipo akaingia ndani.

Mimi nilimletea mfano wangu wa kizungu, nikidhani nasaidia. Wale mnaokumbuka tamthilia ya Columbo, yule mpelelezi wa koti kuukuu anayejifanya mzembe, mwigizaji wake Peter Falk alitolewa jicho la kulia akiwa na umri wa miaka mitatu kwa sababu ya ugonjwa huuhuu. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 83. Shemeji akanitazama, akasema, "Shemeji, huyo mimi simjui. Yule mtoto wa kigari nimemwona."

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa

Uvimbe ukikutwa ungali mdogo, madaktari wana mambo mengi ya kufanya bila kulitoa jicho. Wanaweza kuuchoma kwa leza, kuugandisha kwa baridi kali, au kuupunguza kwanza kwa dawa za saratani halafu wakaumalizia. Katika nchi zenye vifaa, dawa hupelekwa mpaka kwenye mshipa wa damu unaolisha jicho lenyewe. Ukikutwa umekua, kinachobaki ni kuokoa maisha, na jicho linakuwa ndiyo gharama yake. Wazo hilo si jipya. Daktari wa upasuaji wa Uskoti, James Wardrop, alipendekeza mwaka 1809 kwamba jicho litolewe mapema kabla ugonjwa haujasambaa, enzi ambazo nusu kaputi haikuwepo hata kwa jina.

Nikupe takwimu chache, nazo zitoshe. Utafiti mkubwa uliofuatilia watoto zaidi ya 4,000 waliogundulika mwaka 2017 katika nchi 153 ulionyesha kuwa katika nchi tajiri umri wa kati wa kugundulika ni miezi 14. Katika nchi maskini ni miezi 30 na ushee. Katika nchi tajiri ni watoto wachache mno wanaofika ugonjwa ukiwa umeshatoka nje ya jicho, hawazidi wawili kwa mia. Katika nchi maskini ni karibu nusu. Na miaka mitatu baadaye, kule zaidi ya 99 kwa kila mia walikuwa hai. Huku ni 57.

Ugonjwa ni uleule. Vifaa na fedha vina nafasi yake, sikatai, lakini angalia ile miezi 14 na 30. Katikati hapo pana miezi 16 ya matone, uzi mweusi, na picha zilizorekebishwa. Dalili iliyoongoza katika utafiti huo, kwa zaidi ya watoto sita katika kila kumi, ilikuwa ni hiyohiyo mboni nyeupe. Iliyofuata ni makengeza.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliiweka retinoblastoma kati ya saratani sita za watoto za kupewa kipaumbele, lengo likiwa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo mwaka 2030. Wenzetu wa Kenya wameweka habari ya mboni nyeupe ndani ya kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na hilo mimi naona ni jambo la maana kuliko mabango mia. Mama anakifungua kila mwezi.

Ukiona, ufanye nini?

Kwanza usipagawe. Mboni nyeupe kwenye picha moja si lazima iwe saratani. Flashi ikigonga sehemu ambapo mshipa wa jicho unaingilia, mtoto akiwa ameangalia upande kidogo, inaweza kutoa weupe kwenye jicho zima kabisa. Kuna pia mtoto wa jicho, ambaye watoto wachanga nao wanampata, na matatizo mengine ya retina. Lakini hayo yote, isipokuwa lile la pembe ya kamera, nayo yanahitaji daktari. Kwa hiyo jibu ni lilelile: nenda.

Nenda na picha. Usiifute, usiipunguze, usiirembeshe. Ukiwa nayo kwenye simu, mwonyeshe daktari palepale, na useme maneno haya bila aibu: "Naomba aangaliwe kama mboni zote mbili zinarudisha wekundu." Ni kipimo cha dakika chache, chumba kikiwa na giza, kwa kile kikurunzi maalumu cha macho. Ukiambiwa ni aleji na hakuna aliyemulika ndani ya jicho, omba rufaa. Wewe ndiye mzazi, si mgomvi.

Makengeza ya kuja na kuondoka kwa mtoto mchanga wa wiki chache huwa ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi mitatu au minne, yatazamwe. Jicho jekundu lisilopona, jicho linalovimba au kutokeza, mtoto anayekasirika ukimziba jicho moja na si jingine, yote hayo ni safari ya hospitali na si ya duka la dawa. Ukitaka kumpiga picha kwa makusudi, chumba kiwe na mwanga hafifu, flashi iwake, kile kifaa cha kuondoa wekundu kizimwe, mtoto atazame mbele, kisha kushoto, kisha kulia. Picha zikitoka safi na bado una wasiwasi, wasiwasi wako una uzito kuliko picha.

Hapa Tanzania kuna pa kwenda. Muhimbili wanatibu saratani za watoto, na taasisi ya Tumaini la Maisha imekuwa ikisaidia matibabu hayo yatolewe bila mzazi kutozwa. CCBRT wana wataalamu wa macho, na kwa walioko kaskazini na Kanda ya Ziwa kuna KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Nasema hili kwa sababu shemeji alinikiri baadaye kuwa nusu ya ubishi wake ilikuwa hesabu ya pesa aliyoifanya kichwani bila kumuuliza mtu.

Na kwa wachumba na wanandoa mnaopanga watoto: katika kila watoto kumi wenye ugonjwa huu, kama wanne wana ile aina ya kurithika, inayotokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo RB1. Wengi wao hawakuirithi kwa mzazi yeyote, ilianza kwao wenyewe. Kwa hiyo ule mjadala wa "imetoka kwa nani" unaweza kuuacha mlangoni. Ila kama mmoja wenu alitibiwa saratani hii utotoni, hasa macho yote mawili, kila mtoto wenu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hitilafu hiyo, na aangaliwe na daktari wa macho tangu siku za mwanzo kabisa. Mwambie mwenzako kabla ya ndoa, tafadhali. Ndugu wa mgonjwa nao waangaliwe. Rafiki yangu na mumewe walimulikwa macho wao wenyewe, na mdogo wa yule binti, aliyezaliwa mwaka 2024, aliangaliwa kabla hajafikisha mwezi. Yuko salama.

Binti mwenyewe alitolewa jicho, na kwa kuwa uchunguzi wa maabara ulionyesha ugonjwa ulishaanza kutafuta njia ya kutoka, akapewa dawa za saratani mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Nywele zikanyonyoka, zikaota tena zikiwa laini zaidi, mama anasema bora hivyo, kusuka ni rahisi. Sasa anasoma. Jicho la bandia linabadilishwa kadiri anavyokua, na jicho lake la kulia bado linapimwa mara kwa mara. Kwenye michezo anavaa miwani ya kinga, anailalamikia kila siku. Baba na mama wako chumba kimoja.

Mimi nilichukua karibu mwaka mzima kumwambia rafiki yangu kuhusu zile dakika mbili. Tulikuwa jikoni kwake, anamenya viazi. Aliacha kumenya. Akauliza kama daktari angewahi miezi ile saba jicho lingepona, nikamjibu kwamba nilimuuliza daktari swali hilohilo, naye akasema pengine. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniomba ile picha ya mwanzo, kabla haijaguswa.

Nilimtumia usiku uleule. Ukutani kwao ile ya gazetini imeshuka, imewekwa hii, yenye jicho jeupe. Wageni wakiuliza kuna nini kwenye jicho la mtoto, wanaelezwa.